Majivu Niliyoyaita Sumu

Mwanangu Aber,

Umetoka kwenda kanisani wakuombee safari, na begi lako umeliacha juu ya kiti, limenikabili. Zipu yake haikufungwa hadi mwisho. Sijui kama umesahau au umenitega. Tangu hujaanza shule mimi nakula kwa kufungua mabegi ya watu nikiwa mlinzi pale mlangoni pa maduka ya Kikuubo, na begi lililoachwa wazi kidogo namna hii ndilo ninaloliogopa kuliko yote. Basi nimeshika kalamu ili mikono yangu ipate kazi nyingine.

Naandika Kiswahili kwa sababu zangu. Kiacholi utakisoma kwa kukwamakwama, Kiingereza changu ni cha kusomea vibao vya barabarani, na nikiandika Luganda, jirani wa kulia ataisoma barua hii ikidondoka tu mlangoni. Kiswahili nilifundishwa shule ya kambini na mwalimu kutoka Kenya aliyetuchapa rula kwa ajili ya ngeli. Jirani wa kulia hasomi Kiswahili. Nimeshamchunguza.

Sitakuambia ule nini wala ulale saa ngapi. Kofia unayo, dawa zako unazijua kuliko mimi, na jua unalikimbia mwenyewe. Ninachotaka kusema ni habari ya nyumba utakayolala kesho kutwa. Uliponiambia kwamba umepata nafasi Nairobi, kusomea kazi ya maabara, nilipiga vigelegele mpaka mwenye nyumba akatoka nje. Uliponiambia utakaa kwa Mama Furaha, nilikaa chini. Nikakuuliza anataka nini. Ukasema hataki kitu. Hapo ndipo niliposhtuka zaidi, maana katika kazi yangu mtu asiyetaka kitu ndiye tunayempekua mara mbili.

Unajua nimekulia wapi. Kaskazini, miaka ambayo mgeni akibisha hodi jioni, watu walizima moto kwanza ndipo wakauliza jina. Mama yangu hakutufundisha salamu kabla ya kutufundisha kutazama mikono ya mtu. Mikono ndiyo husema, uso hudanganya. Nikaja kuolewa na babako, mwanajeshi, na nikadhani nimepata mwenzangu wa kushuku, kumbe nimeolewa na mtu mpole kuliko wote katika kambi ya jeshi. Nikianza kupanda kwa hasira kwa sababu ya jirani aliyeanika nguo kwenye kamba yangu, au mtoto aliyekurushia jiwe, babako aliweka kiganja juu ya mkono wangu akaniita mama yako kwa Kiacholi, "Min Aber." Basi. Hakuongeza neno. Nami nilikuwa nashuka, huku nimenuna, lakini nashuka.

Alipougua ini, nilimshuku mke wa kaka yake. Alikuwa ametuletea kuku wa kuchoma wakati wa sikukuu, na babako ndiye aliyekula paja. Madaktari walisema ni uvimbe, kansa, na kwamba ulikuwepo ndani kabla ya huyo kuku kutotolewa. Sikuwaamini. Nilimkataza yule mwanamke kukaribia kaburi. Na babako hakuwepo kuniwekea kiganja. Tulipohama kambini kuja kwenye vyumba hivi vya Kalerwe, nilikuja na wewe, godoro, masufuria na shuku zangu zote, na hakukuwa na mtu wa kunipunguzia mzigo huo.

Mama Furaha alikuwa chumba cha mkono wa kushoto. Alitoka Kongo ya mashariki na mtoto mmoja wa rika lako, akitembeza vitenge mabegani kutwa. Siku ya kwanza alituletea sombe, yale majani ya muhogo aliyoyatwanga hadi yakawa laini kama uji. Kabla ya kunipa sahani alichota kidogo kwa kijiko, akala mbele yangu, akatabasamu. Nilipenda hilo. Kwetu pia anayetoa ndiye anayeonja kwanza, na hapa Kampala mzee hawezi kukupa pombe bila kuitia mdomoni mwake. Mtu akionja mbele yako amekupa neno lake. Nikasema moyoni, huyu amelelewa.

Akawa anakulisha ukitoka shule, mimi nikiwa bado mlangoni Kikuubo nikipapasa viuno vya watu. Nilirudi nikakukuta umeshiba, umeoga, umelala miguuni pa Furaha kama watoto wa tumbo moja. Ningepaswa kushukuru. Nilishukuru kwa mdomo, lakini kwa macho niliendelea kuhesabu vijiko alivyoonja.

Kisha ukaanza kuumwa. Vidole vilivimba asubuhi ukashindwa kushika kalamu. Homa ikaja, ikaondoka, ikarudi bila malaria kuonekana kwenye kipimo. Nywele zikabaki kwenye mto. Halafu ule wekundu usoni, uliokaa juu ya mashavu yote mawili na kuvuka pua, kama mtu amekupiga kofi kwa mikono miwili. Nilipouona wekundu ule nilijua. Nasema nilijua, na nakuomba uliangalie neno hilo vizuri, kwa sababu sikuwa najua chochote. Nilikuwa na msemo mmoja tu kichwani, kikulacho ki nguoni mwako, na msemo huo ukanitosha.

Mengine uliyaona ukiwa umelala kwenye mkeka, mlango wazi. Niliingia chumbani kwa Mama Furaha bado nimevaa sare. Nilimpekua kama ninavyopekua kazini, toka juu kwenda chini, vitenge vyake nikavimwaga sakafuni, nikainua godoro, nikafunua masufuria. Watu wakajaa uani. Na nyuma ya jiko la mkaa nikakuta kaveera, mfuko wa plastiki, limefungwa fundo, ndani yake unga wa kijivu, mwepesi, usio na harufu ya chakula. Nikauinua juu kila mtu auone.

Wewe ulisema kutoka pale mkekani, na sauti yako haikuwa na nguvu, "Mama, hiyo ni ya sombe."

Nilikusikia. Sitaki udhani sikukusikia. Nilisema moyoni, tazama, wamemfundisha mtoto mpaka la kujibu.

Mama Furaha hakulia wala hakupiga kelele. Aliniangalia, akasema, "Mama Aber, ule mutoto namukulisha na hii mukono. Nitamuua juu ya nini?" Kisha akalichukua kaveera mkononi mwangu, akalifungua, akalowesha kidole mate, akachovya kwenye ule unga na kuutia ulimini mbele ya watu wote. Akaumeza. Akanyoosha ulimi tuuone ni mtupu.

Mwanangu, kwa desturi ya kwetu na ya kwao, jambo lilikuwa limekwisha hapo. Ameonja. Watu wengine walianza kuondoka. Ni mimi niliyesema kwamba bila shaka amekunywa dawa ya kuizuia sumu. Nilisema kwa sauti, na watu wakarudi. Hata angekula kaveera zima, ningesema ana tumbo la kichawi. Nimefikiri sana juu ya dakika ile kuliko juu ya upekuzi wenyewe. Kushuku kila mtu hushuku, hata kuku hushuku. Lakini mtu akishafika mahali ambapo kila jibu analopewa linamuongezea shuku, huyo ni mgonjwa, na anahitaji kushikwa mkono. Hakuna aliyenishika. Mwenye nyumba alitoka akasema, "Mimi hapana taka maneno ya sumu kwa nyumba yangu. Huyu mama nakwenda." Na akaenda, na Furaha akimfuata nyuma na ndoo kichwani.

Nililala usingizi mzuri usiku ule. Hilo pia ulijue.

Halafu ukazidi kuugua. Ungedhani ningejiuliza. Nilijiuliza tu ni nani mwingine. Nikaacha kununua maziwa kwa yule wa kona, nikabadilisha bomba la kuchotea maji. Ulipovimba miguu na kushindwa kutembea hadi chooni, ndipo nilipokubeba kwenda hospitali ya Mulago, na hata pale nilikaa na mkoba wangu mapajani, nikitazama mikono ya kila aliyekugusa.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kwa umbo, mwenye kikohozi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza kama cha Kampala yote. Walikutoa damu mara nyingi hata nikataka kujua inakwenda wapi. Mwishowe aliniita, akafunga mlango, akasema, "Mama, hakuna mtu aliweka kitu kwa mwili ya huyu mtoto. Mwili yake yenyewe ndiyo inapiga yeye."

Ugonjwa akauita lupasi. Nikamuuliza nani ameuamrisha mwili. Nilidhani nimembana. Yeye akavuta kiti.

Aliyonieleza unayajua sasa kuliko mimi, na wewe ndiye uliyenisahihisha baadaye nilipoyachanganya. Lakini nitayaandika nilivyoyapokea, kwa sababu yalinigeuza na nataka uone yaliniingia vipi. Alisema ndani ya damu kuna seli zinazolinda, na zile kali zaidi zinaitwa seli T. Kabla hazijaachiwa mwilini zinafunzwa katika tezi ndogo iliyoko nyuma ya mfupa wa kifua. Pale zinaonyeshwa vipande vya mwili wenyewe, hiki ni cha ngozi, hiki ni cha figo, hiki ni cha moyo. Seli inayokurupuka kuvishambulia vitu vya nyumbani inauawa palepale. Nikamwambia mafunzo hayo ni makali kuliko ya jeshi. Akacheka, akakohoa.

Lakini zipo zinazopita, akasema. Mafunzo hayakamati zote, na kila siku ndani ya mtu mzima kuna seli zinazotembea zikiwa tayari kumpiga mwenye nyumba. Kinachozizuia ni seli T za aina nyingine, zinazodhibiti wenzao. Baadhi yake zilikuwa kwenye mafunzo hayohayo, zikavitambua vitu vya nyumbani, na badala ya kuuawa zikapewa kazi ya kutuliza. Zenyewe hazipigani na kidudu. Kazi yake ni kumwendea mwenzake aliyepandwa na hasira na kumwashiria kwamba basi, huyu ni wetu. Zinaweza hata kula kile chakula ambacho mwenzake angekitumia kujiongezea nguvu. Kwa mtoto wangu, alisema, watulizaji hao huenda ni wachache, au ni dhaifu, au wenzao hawawasikii tena. Kwa nini, hakuna aliyejua yote. Alisema hivyo waziwazi, kwamba hajui yote, na mimi niliyezoea kumshuku anayejua kila kitu nikaona kidogo naweza kumsikiliza.

Nikaona kiganja cha babako juu ya mkono wangu. Sikumwambia daktari.

Badala yake nilimuuliza swali la kazi yangu. Nilimwambia, "Na hao wanaotuliza wenzao, nani anawapekua wao?"

Alikohoa. Akaniambia kwamba ni swali la haki, maana watulizaji nao huweza kugeuka hasara. Kansa ikiota mahali huwavuta, wakajazana kuizunguka na kuwazuia walinzi wasiikaribie, wakidhani au wakifanywa wadhani kwamba ni kitu cha nyumbani. Mwizi analala akiwa amelindwa. Nilishika meza. Nikamuuliza kama inaweza kuwa hivyo hata kwenye ini. Akasema inaweza. Nilikaa nikamfikiria babako, mpole wa wapole, aliyeambiwa na kila mtu kambini kwamba amekonda naye akajibu si kitu, si kitu, mpaka mwisho. Na nikamfikiria mke wa kaka yake na kuku wake. Ulikuwa mchana mrefu kwangu, Aber.

Usidhani nilitoka pale nimeokoka. Nilipopewa vidonge vyako nilimtaka daktari ameze kimoja mbele yangu. Alikataa, akasema hata akimeza haitanionyesha chochote. Basi nilimeza mimi. Nilikuambia nakwenda kununua nyanya, nikakaa kwenye benchi hapo sokoni Kalerwe nikisubiri kufa, na muuza mihogo akaniuliza nina nini. Sikufa. Nilipata njaa tu. Nikarudi nikakupa chako. Uso wako ulipovimba kwa dawa hizo ukawa kama mwezi, nilianza tena kushuku, nikazificha chini ya mchele, na ni wewe uliyezifukua ukaniambia unataka kwenda shule. Hukunigombeza. Ulizitia mdomoni ukinitazama, kama Mama Furaha na ule unga wake, na ndipo kwa mara ya kwanza nikaona haya.

Habari ya majivu unaijua, lakini hujui nilivyokaa nayo. Nilikwenda kaskazini kumzika shangazi. Jikoni, wanawake walikuwa wanapika mboga za msiba, na dada yangu akaninyooshea chungu chenye matundu chini, akaniambia nichuje magadi. Unajua yanavyotengenezwa. Unachoma maganda ya maharage na mabua ya ufuta, tunaouita simsim, unakusanya majivu, unayamwagia maji yadondoke taratibu, na maji yale ndiyo yanayolainisha mboga ngumu na kuzipa ladha. Nimefanya hivyo utoto wangu wote. Nilichota majivu yale kwa kiganja. Yalikuwa ya kijivu, mepesi, hayana harufu ya chakula.

Nilikuwa nimeyashika haya haya juu, mbele ya watu, nikayaita sumu. Chakula cha mama yangu. Kama yangekuwa kitu cha Kikongo nisichokijua ningejisamehe kidogo, mgeni ni mgeni. Lakini nilikishambulia kitu cha nyumbani kwetu kwa sababu nilikikuta kwenye jiko la mtu mwingine, na miaka ya Kampala, ya chumvi ya pakiti, ilikuwa imenisahaulisha sura yake. Dada yangu aliniuliza kwa nini maji yananimwagikia miguuni. Nikakupigia simu palepale, nyuma ya jiko, nikakuambia. Ukasema, "Nilikuambia, Mama." Ulisema polepole, bila ukali. Ukali ungenisaidia.

Tangu hapo ukawatafuta. Mimi nisingeweza, sikuwa na uso wa kuwatafuta nao. Furaha alipoonekana kwenye simu yako, nywele kasuka, yuko Nairobi, nilianza kuuliza maswali ya mlangoni: amekupataje, nani kampa namba, kwa nini sasa. Ulinijibu moja moja kwa uvumilivu. Siku ile ulipomaliza kuongea na mama yake ukanipa simu bila kuniuliza, niliishika sikioni nikasikia anapumua. Naye alinisikia. Ndipo akauliza, "Mama Aber, mutoto anakunywa dawa?"

Nikakurudishia simu. Nilikuambia mtandao umekata. Haukukata. Niliona haya, na sehemu nyingine ya kichwa changu, nisikufiche, ilikuwa inafikiri labda ananirekodi.

Hivyo ndivyo nilivyo, na ndiyo maana sikuandikii kwamba niko tayari. Usiku huu hata kabla haujaingia nimeshawaza kwamba anakungoja ili anilipe. Kwamba atakutendea wema mpaka unisahau, na hicho ndicho kisasi chenyewe. Nimewaza juu ya sombe ya kwanza utakayokula mezani kwake. Kila wazo likija linakuja na sare yake na sauti ya kuamuru. Najua sasa namna ya kulisikiliza bila kulifungulia lango, lakini halijaacha kuja, na pengine halitaacha. Wahenga walisema mchawi mpe mwanao kulea. Nilikuwa nadhani ni maneno ya mtu aliyechoka kuishi. Leo naona aliyesema hivyo alikuwa na mtoto, na alikuwa na jirani, na alijua ni nani kati yao aliyekuwa na hofu zaidi.

Sikuambii uache kushuku. Nairobi ina wezi, na daktari mwenyewe alisema mwili usioshuku kitu huliwa na kila kidudu kinachopita. Shuku, lakini uliza mara moja, kisha subiri jibu, na likija lipe nafasi ya kuwa kweli. Na uwe na mtu wa kukuwekea kiganja. Mimi nilikuwa naye nikadhani ananizuia, kumbe ndiye aliyekuwa ananilinda. Ukimpata wa namna hiyo, mwanamume au rafiki au hata Furaha, usimdharau kwa sababu hapandishi sauti.

Kuna jambo moja uliniambia juzi ukiwa unasoma kwenye simu, ukaniambia kama mtu anayetaja hali ya hewa, na mimi nikajidai nachambua mchele. Ulisema mwanamke akibeba mimba, mtoto yule kwa nusu ni mgeni ndani yake, nusu ya baba, na mwili wa mama ungeweza kumkataa. Kwamba zile seli zinazotuliza huongezeka siku zile, zinakwenda kusimama karibu na mtoto na kuwazuia walinzi. Uliendelea kusoma. Mimi nilitoka nje na ungo, nikalia nyuma ya choo ambako hakuna anayekuja bila sababu. Mimi, Aber. Mwili huu unaomshuku muuza maziwa, ulikaa na wewe, nusu yako ikiwa ya mtu niliyekutana naye kwenye paredi, na haukukuuliza umebeba nini. Basi niliwahi kuweza. Kuna mahali ndani yangu panapojua namna ya kumwacha mtu apite, na palijua kwa sababu yako. Ninakupenda, mwanangu. Sijui kama nimewahi kukuambia bila kwanza kukuuliza ulikuwa wapi.

Sasa tazama juu ya begi lako. Sijalifungua. Zipu iko ulivyoiacha, nenda kaipime kwa macho yako, unayo macho yangu. Kando yake nimeweka kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa mpira. Wiki nzima umekuwa ukiuliza kwa nini uani kunanuka moshi. Nilikuwa nachoma maganda ya maharage, yale wanayoyatupa wauzaji hapo Kalerwe, na mabua ya simsim niliyoagiza kwa dada yangu. Majivu yake nimeyachekecha mara mbili na kuyatia humo. Ningeyatia kwenye kaveera, lakini Kenya hawataki kaveera, watalikamata.

Mpe Mama Furaha. Mwambie ni ya sombe. Usimwambie mengine, hayo ni yangu, na nikipata uso nitakuja kuyasema mwenyewe. Na akilitazama kopo hilo akasita, akaliweka juu ya kabati, asiliguse, usimbembeleze na usimkasirikie. Ana haki. Mimi ndiye niliyemfundisha kushuku majivu.

Ila kuna mpaka katikati. Basi litasimama Busia, mtashushwa, na atakuwepo mwanamke mwenye sare atakayefungua kopo na kukuta unga wa kijivu. Namjua, hata kama sijamwona. Amechoka, miguu inamuuma, na anaangalia mikono yako. Usibishane naye. Lowesha kidole, chovya, onja mbele yake, umwonyeshe ulimi. Akisema umekunywa dawa ya kuizuia, usimjibu vibaya. Weka kiganja juu ya mkono wake, taratibu, kama alivyokuwa akifanya babako.

Mimi nimeonja tayari, kabla ya kufunga kopo. Nilisimama peke yangu hapa chumbani nikaonja, nikanyoosha ulimi mbele ya begi lako, maana hakukuwa na mtu mwingine wa kumpa neno langu. Ulimi bado unawasha.

Mama yako